Tairi jipya la pikipiki: nani anafunga na kubalansi mwenyewe nyumbani hapa Mbeya?

#1 Kijana wa Sae
Wakuu, salaam.
Nina tairi mbili mpya zimelala sebuleni, ya mbele 2.75-17 na ya nyuma 3.00-17. Pikipiki ni ya 150, ringi za spoku, tyubu ndani. Sitaki kuipeleka kwa fundi pancha, maana wa mwisho alichomeka mtaimbo akaukanyaga, ringi ikabaki na makovu na tyubu ikabanwa. Nilifika nyumbani salama, asubuhi yake tairi liko chini.
Nimeshanunua leva mbili na pampu ya mguu. Kufunga sioni shida. Kinachonipa mawazo ni balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote. Mashine za wili balansi nilizozungukia mjini zote ni za magari, ukitaja pikipiki wanakuangalia tu.
Hoja yangu: pikipiki hizi za 125 na 150 hazihitaji balansi kabisa. Hizo ni mbwembwe za pikipiki kubwa. Anayepinga alete sababu, siyo matusi.

#2 Kobe Taratibu
Nimetandika mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Bwana Spoku
Mtoa mada nakuunga mkono asilimia mia. Nipo kijiweni Mbalizi, nafunga tairi za bodaboda kila siku ya Mungu. Hajawahi kurudi mtu kulilia balansi. Wanarudi kwa pancha, wanarudi kwa spoku zilizokatika, wanarudi kukopa.
Ila hilo la mtaimbo usitusingizie wote. Kuna fundi na kuna mwenye chuma.

#4 Ticha Mnyalu
Kamwene kutoka Kihesa, Iringa.
Bwana Spoku, kwamba hawajarudi si ushahidi. Bodaboda yuko barabara ya vumbi, spidi 40, abiria mgongoni na simu sikioni. Atasikia nini?
Tufanye hesabu kidogo. Tairi la 3.00-17 mzingo wake unakaribia mita 1.8. Ukiwa spidi 80, gurudumu linazunguka kama mara 12 kwa sekunde. Sasa chukua gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa ringi. Kwenye spidi hiyo zinavuta kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, mara 12 kila sekunde, juu, chini, juu, chini. Kwenye spidi 40 nguvu hiyo haiwi nusu, inakuwa robo, yaani kama kilo 1. Ndiyo maana mtaani husikii kitu, ukitoka Igawa kwenda Makambako kumenyooka ndipo mikono inaanza kufa ganzi.
Kwa hiyo swali si pikipiki ni ya 150 au ya 1000. Swali ni unakimbia kiasi gani.

#5 Kobe Taratibu
Hesabu tena jamani, na leo Jumapili.

#6 Dada wa Busokelo
Ticha yuko sahihi kwenye lami. Nasambaza maziwa hadi Tukuyu, pikipiki naifungua mwenyewe, na hakuna fundi anayenishika mkono. Tairi langu la mwisho lilikuwa na nukta ya njano ubavuni. Niliiweka ikakaa jirani na valvu, basi. Sikufunga uzito wowote na pikipiki ilitulia kuliko ilivyokuwa na tairi la zamani.

#7 Injini Baridi
Dada wa #6, hiyo nukta ni muhuri wa mkaguzi wa kiwandani tu. Ya njano, nyekundu, zote ni za "imepita". Ingekuwa na maana wangeichonga kwenye mpira, wasingeipaka rangi inayotoka kwa sabuni.

#8 Dereva Mstaafu
Vijana, hamjambo.
Injini Baridi, sivyo. Nukta ya njano huwekwa pale tairi lilipo jepesi kuliko kwingine. Unaikalisha kwenye valvu kwa sababu pale pana chuma cha ziada, basi wepesi wa tairi unakutana na uzito wa valvu. Nyekundu ni habari nyingine, inahusu tairi kuwa na mahali linaposukuma zaidi likizunguka, na utaikuta zaidi kwenye tairi za magari. Haya tulikuwa tukiyajua tangu tairi zinatoka General Tyre pale Arusha.
Na si kila kiwanda hupaka nukta. Ukiikosa usitafute mchawi, funga.
Mtoa mada, kabla ya yote soma ubavuni. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa dukani kwenye jua miaka sita si jipya. Halafu tafuta mshale wa mzunguko. Nimeona watu wazima wamefunga tairi linarudi nyuma.

#9 Ticha Mnyalu
Shikamoo mzee. Naongeza moja kwenye #8. Upande wa valvu si lazima uwe ndio mzito. Ringi nyingi za spoku zina kiungo, pale chuma kilipokutanishwa, na mara nyingi kiungo kiko mkabala na tundu la valvu. Kiungo kikizidi uzito wa valvu, ukiweka nukta kwenye valvu umeharibu mara mbili. Dawa ni kupima ringi tupu kwanza, kabla ya tairi, upige chaki upande mzito, halafu nukta uipeleke pale penye chaki.

#10 Kijana wa Sae
Mzee marahaba nyingi... samahani, shikamoo! Zangu ni za mwaka huu, mshale nimeuona, nukta ya njano ipo moja tu, ya nyuma. Ya mbele haina kitu.
Ticha, ringi tupu naipima kwa nini? Mizani ya duka?

#11 Kobe Taratibu
Kijana anamwamkia mzee kwa marahaba. Sae hiyo 😂

#12 Mpanda Kawetere
Viti viwili, mtoa mada. Hakuna mashine hapo.
Simamisha viti sambamba kwenye sakafu iliyolala sawa, pitisha ekseli kwenye gurudumu, laza ncha za ekseli juu ya viti, gurudumu lining'inie katikati bila kugusa popote. La mbele toa gia ya spidomita na sahani ya breki. La nyuma toa breki na upande wa sproketi. Vyote hivyo vinakwaruza, vitakudanganya. Sili zikiwa zimekaza gurudumu halizunguki kwa hiari yake. Mimi naweka beringi ndogo mbili kila upande, zile za kutupwa, ekseli inalala kwenye bonde kati yake na inazunguka yenyewe pamoja na gurudumu.
Ligusie kidogo kisha uliache. Litayumba, litakwenda na kurudi, litasimama. Chini ndiko kuzito. Piga chaki juu kabisa. Rudia ukianzia sehemu nyingine. Chaki ikirudi kileleni, umempata mwizi. Chaki ikisimama popote, gurudumu liko sawa, kanywe chai.
Uzito unafungwa pale penye chaki. Natumia waya wa risasi wa kulehemu, nauzungusha kwenye spoku karibu kabisa na ringi, naubana kwa koleo. Ukiwa na jamaa Matema au Kyela akuletee risasi za nyavu, zile zenye tundu, unaigonga taratibu ikumbatie spoku halafu unaifunga na waya mwembamba isiteleze. Ongeza kidogo kidogo. Umemaliza pale utakapoligeuza robo mzunguko, ukaliacha, likabaki hapo hapo.
Yangu ni ya porini, mbele inchi 21, na nyuma kuna kile kishikizo cha kubana tairi kwenye ringi lisihame. Kidude kile kina uzito. Bila risasi upande wa pili, ukishamaliza mlima na kushika lami ya Chunya, makalio yanakwambia.

#13 Bwana Spoku
Kwa hiyo mteja kaacha abiria stendi, anasubiri mimi nibembeleze gurudumu kwenye viti, nipige chaki, nikanywe chai. Atanipiga na hiyo leva.

#14 Dada wa Busokelo
Mkimaliza kushika risasi nawieni mikono kabla ya kula, na vipande msiwaachie watoto wachezee. Risasi ni sumu, inakaa mwilini. Nyavu sawa, jikoni hapana.

#15 Mpanda Kawetere
Sahihi kabisa dada. Asante.

#16 Dereva Mstaafu
Mnakimbilia balansi, kufunga kwenyewe hamjasema. Kijana, fanya hivi.
Toa ule msumari wa ndani ya valvu upepo uishe wote, siyo nusu. Kuachisha tairi na ringi, laza gurudumu chini, pikipiki ya mwenzio ishushe stendi yake ya pembeni juu ya mpira, karibu na ringi ila isiiguse, kisha mwenzio aielemee. Tairi litaachia lenyewe.
Ringi ina bonde katikati. Siri yote iko pale. Upande unaoinua kwa leva utaachia tu kama upande wa pili umeukanyaga ukazama bondeni. Anayetumia nguvu nyingi ujue upande wa pili umepanda juu ya ukingo, na hapo ndipo ringi zinapochubuka. Weka vipande vya dumu la plastiki chini ya leva.
Angalia mkanda unaofunika vichwa vya spoku. Umechanika? Kata mwingine kutoka tyubu kuukuu. Paka tyubu poda, ijaze upepo kidogo tu ishike umbo lake, ndipo uiingize. Kufunga, maliza karibu na valvu, na ukifika hapo sukuma valvu ndani kidogo tyubu isije ikakaa chini ya ukingo wa tairi.
Nati ya valvu usiikaze kwenye ringi. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Tairi likihama na kuvuta tyubu, valvu italala upande na utaiona. Ukiwa umekaza, itang'oka.

#17 Bwana Spoku
Mzee nakuheshimu ila la nati sikubali. Nati ikiachwa juu, maji na tope vinaingia kwenye tundu, spoku zinaota kutu. Mimi nakaza kwa mkono, siyo spana.

#18 Injini Baridi
Mbona mnatesa watu na sabuni na poda. Paka oili chafu ukingoni, tairi inaingia kama mlenda.

#19 Dereva Mstaafu
Inaingia, na haikauki. Sabuni ikikauka inashika. Oili inabaki inateleza, ukishika breki ringi inazunguka ndani ya tairi. Na mpira na oili hawajawahi kuwa marafiki, unalainika, unavimba. Maji na sabuni tu.

#20 Kijana wa Sae
Mrejesho wakuu.
Nimefunga zote. Ya nyuma nukta kwenye valvu, ya mbele popote. Tyubu hazikubanwa, upepo umelala usiku kucha haujashuka. Viti na chaki sikugusa, nimeshikilia hoja yangu ya #1.
Sasa. Nimeijaribu Uyole kwenda Inyala. Hadi 60 imetulia. Kuanzia 65 usukani unatetemeka mikononi, ukifika 75 ndiyo zaidi, ukivuka 80 inapungua. Tairi za zamani hazikuwa na hili. Msiniambie balansi kabla hamjafikiri.

#21 Kobe Taratibu
Balansi.

#22 Ticha Mnyalu
Kobe kanitangulia. Linakuja kwenye spidi fulani na kupungua ukiipita, maana yake mapigo ya gurudumu yamekutana na mtikisiko wa asili wa shokapu na usukani. Lakini thibitisha: nenda 70 kwa gia ya nne, halafu 70 hiyo hiyo kwa gia ya tano. Mtetemo ukibaki vilevile, unatoka kwenye magurudumu. Ukibadilika, ni injini, tairi haihusiki.

#23 Dereva Mstaafu
Kabla ya chaki, angalia mstari. Ubavuni mwa tairi, juu kidogo ya ringi, kuna mstari mwembamba wa mpira umezunguka. Umbali wake na ringi uwe sawa pande zote mbili, mzunguko mzima. Ukiona mahali umezama, tairi halijakaa. Linazunguka likiwa na kitako, hata ulining'inize risasi za ziwa zima. Punguza upepo, paka sabuni pale palipozama, jaza tena likurupuke. Usivuke 40 PSI ya geji ya upepo. Lisipokaa, toa upepo uanze upya, watu wamepoteza vidole kwa ubishi wa kuongeza.

#24 Mpanda Kawetere
Na shingo? Simamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani, geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia kama unadondokea kwenye kishimo pale katikati, beringi za shingo zimejichimbia. Kisha shika shokapu za mbele kwa chini, vuta mbele, sukuma nyuma. Kukigonga, kuna mlegeo. Tairi la zamani lililolika bapa linaweza kuwa lilikuwa linaficha ugonjwa huu, jipya limekuja na duara lake limeuanika.

#25 Bwana Spoku
Ringi imepinda. Barabara zetu hizi nani ringi yake imenyooka? Funga kijiti kwenye shokapu kikaribie ringi, zungusha gurudumu, tazama nafasi inavyopanuka na kusinyaa. Gonga na spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inakohoa.

#26 Dada wa Busokelo
Kaka, ulikuwa na mzigo? Nikifunga madumu ya maziwa nyuma kabisa ya keria, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unacheza hata tairi liwe la dhahabu. Nikiyasogeza mbele yakaniegemea mgongoni, kunatulia.

#27 Ticha Mnyalu
Nzuri hiyo dada. Na kwa wale wa mishkaki: tairi la nyuma la namna hii likiandikwa 50P, ile 50 ni kilo 190 za mwisho, na P ni spidi 150. Hizo kilo zinahesabu dereva, abiria wote, gunia na sehemu ya uzito wa pikipiki inayokaa nyuma.

#28 Bwana Spoku
Kilo 190 ni gunia la viazi na lumbesa yake tu hilo, dereva bado hajapanda.

#29 Kijana wa Sae
Majibu kwa mpangilio wowote:
Mzigo, nina boksi la keria, lilikuwa na vifaa ndani, siyo tupu. Gia ya nne na ya tano, mtetemo ni ule ule kwenye 70, kwa hiyo injini tuitoe. Shingo, haina kishimo, mlegeo mdogo sana labda upo, labda ni mikono yangu. Mstari wa mzee, umezama mahali pamoja kwenye tairi la mbele, urefu wa kiganja hivi. Kijiti cha Bwana Spoku, ringi inacheza kama milimita mbili.
Kwa hiyo kila mtu kapata chake.

#30 Dereva Mstaafu
Palipozama ndipo penye ugonjwa. Nimemaliza.

#31 Ticha Mnyalu
Palipozama ni sehemu tu ya ugonjwa. Weka viti, kijana.

#32 Injini Baridi
Mimi natia jeli ya pancha ndani ya tyubu. Inaziba miiba na inabalansi yenyewe, inakimbilia panapohitajika. Hakuna chaki wala risasi.

#33 Mpanda Kawetere
Ukiegesha usiku inatuama chini. Asubuhi kwa baridi ya Uyole imekuwa nzito, kilomita za kwanza unaendesha gurudumu lenye dimbwi. Kwa miiba ya Chunya naikubali, kwa balansi hapana.

#34 Injini Baridi
Kilomita mbili ikishapata moto inatulia. Naitumia, siyo hadithi.

#35 Mwanakyela
Ugonile. Nimechelewa ila naona mtu kataja PSI. Mnaojaza upepo Mbeya mkashuka Kyela, punguzeni. Joto la huku linajaza tairi, linakuwa gumu, linadundadunda, mnasema balansi.

#36 Kobe Taratibu
Si kweli. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito, geji inasoma pungufu. Nilisoma mahali.

#37 Ticha Mnyalu
Mko sahihi wote wawili, jambo ambalo haliwafurahishi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Kyela ni kama 500. Kwa kushuka huko pekee geji inapoteza karibu PSI 2. Lakini Kyela ikiwa na joto la digrii 15 zaidi ya asubuhi ya Mbeya, joto hilo linarudisha PSI 2 na ushee. Zinakaribia kufutana. Pima tairi likiwa baridi pale ulipolala, basi.

#38 Mwanakyela
Ticha, mimi nimezaliwa hapa. Tairi linajaa.

#39 Bwana Spoku
Ticha umekunywa ulanzi, mtu kakwambia linajaa 😂

#40 Dereva Mstaafu
Mtoa mada, mnapobishana upepo usisahau: tairi jipya lina utelezi juu yake. Kilomita 160 za kwanza usiilaze pikipiki kwenye kona wala usishike breki kwa ghafla. Na kama unashuka Kiwira na mvua zile, mara mbili ya hapo.

#41 Kijana wa Sae
Mrejesho wa pili.
Nimetoa upepo mbele, nimepaka sabuni palipozama, nikajaza hadi 38, likalia "pwa" likakaa. Mstari sasa uko sawa pande zote. Nikashusha hadi 25 kama kitabu kinavyosema. Nilipokuwa nimeshaishika spana nikakaza spoku mbili tatu zilizokuwa zinakohoa, na boksi nikaliacha nyumbani.
Njia ile ile. Mtetemo umepungua sana. Haujaisha. Kwenye 70 bado upo kwa mbali, ukishika usukani kwa vidole viwili unausikia.

#42 Dereva Mstaafu
Nilisema mstari.

#43 Bwana Spoku
Kakaza spoku, mzee. Soma vizuri.

#44 Dada wa Busokelo
Kaacha boksi pia. Ndugu zangu, amebadilisha mambo matatu kwa mkupuo, mtajuaje lipi limeponya?

#45 Ticha Mnyalu
Dada umenipokonya chaki. Na kile kilichobaki kwenye 70 ni nini, kama siyo balansi? Arudishe boksi, ajaribu. Kisha viti.

#46 Mpanda Kawetere
Au ule mlegeo "mdogo sana" wa shingo. Mtetemo unaobaki kwa mbali huwa ni shingo. Kaza shingo kidogo kabla hujanunua risasi.

#47 Kijana wa Sae
Ndaga fijo wote. Boksi linarudi Jumatatu maana ndilo kazi yangu, tutaona. Kwa kusikia kwa vidole viwili tu, hoja yangu ya #1 bado inasimama.

#48 Ticha Mnyalu
Inasimama kwa kuyumba.

#49 Mgeni wa Makambako
Jamani ya kwangu ni ringi za aloi, haina spoku wala tyubu. Hiyo risasi naizungushia wapi?

#50 Mpanda Kawetere
Nenda kwa wa wili balansi ya magari, waombe vile vipande vya kubandika, kuna vya gramu 5 na gramu 10. Safisha ringi kwa petroli ikauke kabisa, bandika upande wa ndani unaotazama ekseli, katikati ya upana wake. Gundi ikigusa grisi kitaruka hapo hapo Halali.

#51 Mgeni wa Makambako
Asante mkuu. Na mwenye leva za kuazima huku Makambako anicheki. Nitazirudisha.

#52 Bwana Spoku
Leva za kuazima hazirudi. Njoo kijiweni.